Mipira Ishonewe Mfuko

Eldoret ilipotawazwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, sifa zilikwenda kwa wanariadha. Haki yao. Lakini hapa pia ni nyumbani kwa nguo: kiwanda cha Rivatex kipo tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007.

Ndiyo maana inakera kuona mipira ya shule ikibebwa kwenye gunia la mbolea lililotoboka.

Mfuko wa kukazwa kwa kamba hauna siri. Mpira wa miguu namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Vipande viwili vya turubai, kila kimoja sentimita 70 kwa 90, vinatosha kubeba mipira mitano. Pande tatu zishonwe mara mbili. Juu pakunjwe upindo wa sentimita 4, pembeni paachwe upenyo, kisha kamba ipitishwe kwa pini. Wanagenzi husahau upenyo huo, wakaishia kufumua! Na vitundu vichache chini ni lazima, maana mvua ya alasiri hapa kaunti ya Uasin Gishu huacha mipira imelowa chepechepe.

Walimu wanaotafuta kazi ya mikono ya muhula huu waanze na mfuko huu.