Bitiruti haitamrudishia damu

Ikiwa una jamaa anayesafishwa damu kwa mashine baada ya figo zake kuacha kufanya kazi, bila shaka majirani wamekushauri umpikie terere kwa wingi na umsagie bitiruti na ndizi ili damu irudi. Wana nia njema, lakini ushauri huo waweza kumuua.

Figo nzima hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri hiyo hufifia. Ndiyo sababu hata mgonjwa anayekula vyema hutweta akipanda ngazi. Navyo vyakula hivyo vina potasiamu nyingi. Ikirundikana mwilini kabla ya siku ya mashine kufika, moyo waweza kusimama ghafla.

Kwa maoni yangu, pesa za sharubati heri zisaidie kununua sindano ya homoni hiyo daktari anapoiagiza, pamoja na dawa ya madini ya chuma vipimo vikionyesha yamepungua. Uliza kiwango cha himoglobini kila mara kinapopimwa.

Wengine nao humnyima mgonjwa mayai, samaki na kuku, eti ana figo. Masharti hayo ni ya wale ambao hawajaanza mashine! Anayesafishwa damu hupoteza protini. Mwenye uzani wa kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku, na yai moja lina 6 hivi. Sukuma wiki apewe kidogo, ikatwe, ichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.