KARANI WA TAKWIMU SI KIBARUA

Neno kibarua wazee wetu wa pwani walilitoa katika barua. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Asiyekuwa nacho hakuwa na la kudai. Leo tunao vijana ambao kazi yao ni kuandika vikaratasi vya watu wote: majina ya watoto waliozaliwa, viwanja na mipaka yake, dawa zilizotoka stoo, alama za mitihani. Wao wenyewe hawana kikaratasi hata kimoja kinachosema wao ni nani, wako ngazi gani, na kesho watapanda kwenda wapi. Tunasema juu ya makarani wa kuingiza takwimu katika kompyuta.

Tumeliona tangazo moja la kazi hiyo, na ofisi iliyolitoa hatutaitaja kwa sababu haiko peke yake. Lilitaka shahada ya chuo kikuu na uzoefu wa miaka mitatu. Malipo yalikuwa ya kutwa, mkataba wa miezi mitatu. Yaani mtu aingie kwa mlango wa bwana mkubwa, akalie mkeka wa mpagazi. Twauliza: ikiwa kazi hii ni ya shahada, mbona mshahara wake si wa shahada? Na ikiwa si ya shahada, mbona kijana wa kidato cha nne anayejua kuandika kwa mashine bila kutazama vidole afungiwe mlango?

Jibu si la kubuni. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika orodha yake ya kazi ya mwaka 2008, limempa karani huyu nambari yake, 4132, katika kundi la makarani, na kiwango cha ujuzi cha pili kati ya vinne. Maana yake ni elimu ya sekondari na mafunzo ya kazi. Hapa Tanzania nasi tunazo ngazi za mishahara ya Serikali zinazojulikana: mwenye cheti kwa kawaida huanzia TGS B, mwenye diploma TGS C, mwenye shahada TGS D. Basi mwajiri anayetaka karatasi ya TGS D na kulipa chini ya TGS B hakukosea hesabu. Amepiga hesabu vizuri sana, ila kwa faida yake.

Wazee wetu waliijua hesabu ya namna hii. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza kwamba katika utumishi wa Serikali za Afrika Mashariki asiye Mzungu alipwe sehemu tatu za tano za mshahara wa Mzungu, hata kama elimu yao ni moja na meza yao ni moja. Kanuni hiyo ilikaa mpaka Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 ifutwe. Makarani hawakungoja kuambiwa na tume kwamba wanapunjwa. Tangu mwaka 1922 pale Tanga walikuwa na chama chao cha watumishi Waafrika, kilichoanzishwa na Martin Kayamba. Walioshika kalamu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushika madai. Siku hizi hakuna anayethubutu kuandika sehemu tatu za tano. Huandika tu "mkataba wa muda", na mambo yakawa yale yale.

Wengine watatucheka. Watasema: kubofya vitufe, nayo ni kazi ya kutungiwa ngazi? Na tuitazame kazi yenyewe. Karani wa namna hii mara nyingi hudaiwa mibofyo 8,000 mpaka 10,000 kwa saa. Chukua karani mwangalifu anayekosa mara moja tu katika kila mibofyo 1,000. Kwa mwendo wa 10,000 ana makosa kumi kwa saa, themanini kwa siku ya saa nane. Kila kosa lina mwenyewe. Nambari ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kidole kikiteleza katika mwaka, kosa linakaa ndani ya nambari yenyewe. Mzee wa watu atakwenda nalo benki, atakwenda nalo kwenye laini ya simu, na siku ya kudai pensheni ataambiwa umri wake haujatimia. Atapanda basi kwenda kuapa mahakamani kwamba yeye ndiye yeye.

Dawa yake inajulikana tangu zama za kadi za kutobolewa. Fomu moja huingizwa na makarani wawili wasioonana kazi, mashine ikalinganisha, na wa tatu akafungua fomu yenyewe kuamua palipotofautiana. Huyu wa tatu lazima awe na macho na busara kuliko wale wawili. Halafu yuko anayepanga majibu katika mafungu. Mtu amesema "nashughulika na samaki": je, huyo ni mvuvi, mchuuzi au mpishi? Akiwekwa fungu silo, wilaya nzima itaonekana haina wavuvi, na fedha za maboti zitakwenda kwingine. Basi ngazi zimo tayari ndani ya kazi: mwingizaji, mhakiki, mpangaji, msimamizi. Zilizokosekana ni barua za kuzitambua na shilingi za kuzitofautisha. Ofisi nyingi huwaita wote wanne kwa jina moja, huwalipa ujira mmoja, kisha hushangaa mbona takwimu zina matundu.

Sifa za kuingilia zipimwe mezani. Mpe mtu fomu mia, saa na kompyuta, uhesabu mwendo na makosa. Anayefaa ataonekana kabla ya saa sita mchana, awe ametoka chuo kikuu au Kondoa vijijini. Cheti tunakiheshimu, lakini cheti hakijawahi kusoma mwandiko wa mganga.

Wapo pia wanaosema mashine zitaifuta kazi hii. Kazi imebadilika, ni kweli. Katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, makarani walitembea na vishikwambi, wakaingiza majibu pale pale mlangoni. Kazi haikufutwa, ila ilitoka ofisini ikaenda juani. Na hizo mashine zinazosemwa zina akili, zilifundishwa na nani? Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba vijana wa Nairobi walisoma na kupanga maandishi machafu ili kuifundisha ChatGPT, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo na za kuchuja mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Twawapa mkono.

Makarani nao tuwaambie ukweli, maana gazeti hili halisifu watu wake kwa upofu. Wako wanaojaza fomu chini ya mwembe bila kubisha hodi nyumba yoyote. Wako wanaonakili nambari ya jana wakaiita ya leo. Anayefanya hivyo anamvunjia mwenzake hoja kila tunapokaa na mwajiri.

Tunaloomba kwa Serikali na kwa waajiri wote ni hili: muundo wa kazi uandikwe, wenye ngazi hizo nne, mlango wa kidato cha nne uwe wazi kwa mtihani wa mezani, na aliyefanya kazi ile ile kwa mikataba mitano mfululizo asiitwe tena wa muda. Wanachama walio makarani wa takwimu walete nakala za mikataba yao kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi. Majina tutayafuta. Mishahara tutaipanga pamoja na sifa zilizodaiwa, mstari kwa mstari, na tutaichapa katika ukurasa huu.