Ampli ya zamani haifi kwa uzee, inauawa na bafle isiyoifaa

Kwenye vibanda vya mafundi wa radio, iwe Kadutu mjini Bukavu au Birere mjini Goma, mtu anayetafuta ampli ya zamani huanza na swali moja: «Ina wati ngapi?» Akijibiwa namba kubwa, anafurahi. Haulizi bafle alizo nazo nyumbani zinahitaji nini, wala mashine ile ilitengenezwa kwa umeme wa nchi gani. Analipa, anabeba, anaunganisha. Siku chache baadaye anarudi nayo ikinuka moshi, na hukumu inatolewa palepale: «Ilikuwa imezeeka.» Kisha transfoma inavunjwa, shaba inauzwa kwa kilo.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Ampli nyingi za miaka ya 1970 hazifi kwa uzee. Zinauawa na mtu aliyezioza kwa bafle zisizozifaa, au aliyezilisha umeme usio wao.

Wati hazisemi yote

Hesabu yake si ngumu. Nguvu ya ampli ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Sikio linaitambua tofauti hiyo, lakini jirani hatatoka nje kulalamika. Bafle nazo haziitiki kwa usawa. Kuna bafle ambayo kwa wati 1, mtu akiwa mita 1 mbele yake, inatoa desibeli 87. Nyingine kwa wati hiyo hiyo inatoa 93. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Maana yake ampli ya wati 20 yenye bafle ya pili inasikika sawa na ampli ya wati 80 yenye bafle ya kwanza. Mwenye bafle inayoitika vizuri hana sababu ya kufukuzia wati.

Na hata wati zenyewe ziliwahi kudanganya. Mwaka 1974 serikali ya Marekani ililazimika kuwawekea wauzaji wa ampli sheria: nguvu inayotangazwa iwe ile ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo, si ya kishindo cha nukta moja. Ndiyo sababu mashine ya mwishoni mwa miaka ya 1970 iliyoandikwa wati 30 inaweza kuliaibisha kasha jipya la plastiki lililoandikwa wati 2000.

Wapenzi wa muziki duniani wanaijua NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978. Aliyeichora ni Bjørn Erik Edvardsen wa Norway. Ilitangazwa kwa wati 20 tu kila upande, sura yake ya kawaida, bei yake ya chini. Lakini iliwekewa akiba ya nguvu kwa ajili ya ngoma inayogonga ghafla, na ikawa mojawapo ya ampli zilizouzwa zaidi katika historia. Anayeuliza wati peke yake angeipita bila kuigusa.

Ndoa ina masharti

Jambo la pili ni omu, kipimo cha namna bafle inavyouzuia umeme. Omu zikipungua, mzigo wa ampli unaongezeka. Ampli nyingi za Japani za wakati ule, kama za Pioneer, Sansui na Kenwood, zina nafasi za jozi mbili za bafle, A na B. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba upande mmoja, ampli inaona omu 4. Mbili za omu 4 zikifungwa hivyo hivyo, inaona omu 2, na hapo inadaiwa umeme ambao transista zake huenda zisiweze kuubeba. Nyuma ya mashine kuna maandishi madogo yanayotaja kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Mwenye bare anayetaka bafle nne ukumbini, na kanisa linalotaka sauti ifike hadi uwanjani, wasome pale kabla ya kuongeza waya.

Kosa la kinyume lipo pia. Ampli ndogo ikilazimishwa kupiga kelele kupita uwezo wake, sauti inakatika na kukwaruza, na kile kispika kidogo cha sauti kali kinaungua. Watu husema bafle ilizidiwa na nguvu, kumbe ampli ndiyo iliyoishiwa.

Jambo la tatu ni umeme. Japani hutumia volti 100, Marekani volti 120, Kongo volti 220. Mashine nyingi zilizotengenezwa ili ziuzwe nje zina kitufe nyuma cha kuchagua volti, lakini si zote. Ampli ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja ukutani Bukavu haipati hata muda wa kuzeeka. Mnunuzi asome kibandiko cha volti kabla ya kutoa pesa, kisha anunue transfoma ya kushusha umeme ikihitajika. Na kwa kuwa umeme wa miji ya mashariki unapanda na kushuka, kifaa cha kuusawazisha si anasa.

Uzee wenyewe upo, hakuna anayeukataa. Vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya ampli hukauka. Povu linalozunguka koni ya bafle huoza hata bafle ikikaa bila kuguswa. Lakini hayo ni magonjwa yanayotibika. Vikopo vinabadilishwa, povu linabandikwa jipya. Kasha la plastiki lenye sahani moja ya vipande vidogo visivyoshikika likiharibika, fundi wengi hulirudishia mwenyewe na kumwambia anunue jingine.

Kinachopotea

Wapo watakaosema simu na bafle ndogo isiyo na waya zinatosha, na kwamba katika nchi yenye vita na njaa, ampli ni jambo dogo. Wana sehemu ya haki. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji wa Goma pamoja na vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba. Na anayekimbia risasi hubeba mtoto, godoro na sufuria. Habebi ampli ya kilo 15.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutunza kilichobaki. Desemba 2021, UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, na watu walishangilia. Rumba hiyo ilirekodiwa ili isikilizwe na watu pamoja, sebuleni na kwenye bare. Kusini mwa nchi, Mwenda Jean Bosco alipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, na Hugh Tracey akamrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa la besi la sahani za miaka ya 1970 halisikiki kwenye spika ya simu. Linakuwepo ndani ya wimbo, lakini kijana anayesikiliza hajui kuwa lipo. Nchi inayoshangilia urithi wake na kuuza kwa kilo mashine za kuusikilizia inajidanganya.

Fundi mzee anayejua kusoma ramani ya ampli na kupima omu kabla ya kufunga waya ni sehemu ya urithi huo. Wengi wao hawana mwanafunzi. Shule za ufundi zinaweza kuwaita, hata kwa saa chache kwa wiki, na ampli zilizoharibika zikawa vitabu vya wanafunzi badala ya kwenda kupimwa kwa kilo.

Kwa familia, kazi ni nyepesi zaidi. Ampli ya baba ikiwa juu ya kabati na vumbi lake, isichomekwe kwa haraka siku ya sikukuu, wala isiuzwe kwa anayepita akinunua shaba. Ipelekwe kwa fundi pamoja na bafle zake, vyote viwili, na swali la kwanza liwe: je, hizi zinaweza kuishi pamoja?