Osa Johnson na wawindaji wa Mang'ola

Osa Johnson alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1894, na kabla filamu hazijapata sauti alikwisha kuwa, machoni pa watazamaji wa kwao, mwanamke wa Afrika. Katika miaka ya 1920 yeye na mumewe Martin waliishi Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipa jina la Paradise. Martin alizungusha mpini wa kamera. Osa alisimama na bunduki, tayari kumpiga mnyama atakayewashambulia. Mwaka 1928 ikatoka filamu yao bubu, Simba, naye akiwa nyota wake. Martin alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1937, Osa aliendelea na kazi, na kitabu chake cha mwaka 1940 kiliuzwa mno. Simdharau, alikuwa na ujasiri na ustadi.

Ninaloliuliza linawahusu walioonekana pamoja naye. Wapagazi na warusha mikuki wa filamu ile waliigiza pia, ila hawakuhesabiwa waigizaji. Midomo yao ilitikisika, na maneno yaliyosomwa kwenye pazia yakawa ya watengenezaji, mara nyingi ya mzaha.

Nayaandika haya nikiwafikiria Wahadzabe wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambao kila alfajiri hufuatwa porini na wageni wenye kamera. Kamera za leo hunasa sauti. Hata hivyo, katika video nyingi ninazozitazama, mwenye jina ni msafiri. Mwindaji ni "Mhadzabe", basi, na Kihadzane chake huachwa bila tafsiri, kikafunikwa na muziki.

Nitajibiwa kwamba ada hulipwa. Hulipwa, ya utalii. Lakini mtu anayeombwa kurudia kurusha mshale kwa sababu kamera haikuwahi, hapo hawindi tena, anaigiza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua haki za waigizaji, na sioni kwa nini huyu awekwe nje yake.

Bodi ya Filamu ndiyo itoayo vibali. Ingeweza kudai majina ya walioigiza yaandikwe ndani ya filamu, kwa ridhaa yao, na maneno yao yatafsiriwe na mtu ajuaye Kihadzane. Malipo ya mkalimani kwa siku mbili hayawezi kumshinda aliyelipa nauli ya ndege kutoka Chicago.