Wana Matete, Tutenge Karo Kabla ya Krismasi

Ndugu zangu wa Matete, mahindi yapo uani. Kuanzia Chevaywa hadi Lwandeti yanapukuchuliwa na kuanikwa kwenye maturubai, na wanunuzi wenye malori wanapita wakiuliza bei. Huu ndio wakati mikono yetu hujaa, na ndio wakati wageni wa Krismasi wanapofunga safari. Ombi langu ni kwamba tusherehekee kwa furaha yote, ila tusiyamalize mavuno kwa siku mbili, wala tusikope hata shilingi ya kununulia nyama.

Siidharau Krismasi. Kuku wa mgeni ni heshima yetu, na mtoto aliyehangaika Nairobi mwaka mzima anastahili kupokelewa kwa chapati na nyimbo. Ninayoihofia ni Januari, ambayo watu wameshaipachika jina la Njaanuari.

Tazameni karo. Katika mwongozo wa Wizara ya Elimu wa miaka ya karibuni, mzazi wa mwanafunzi wa bweni hulipa shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa, na 40,535 katika nyingi za zile nyingine. Fedha hizo hugawanywa kwa mihula mitatu kwa asilimia 50, 30 na 20. Yaani nusu ya karo ya mwaka mzima inadaiwa shule zinapofunguliwa Januari. Tuseme gunia la kilo 90 linauzwa 3,000: nusu ya ile karo ndogo ni karibu magunia 7, ya mtoto mmoja, kabla hujagusa sare, godoro na sanduku. Yahesabuni magunia hayo sasa, myaweke peke yake, na kila mtu nyumbani ajue ni ya nani. Yakichanganyika na mengine yataondoka na lori.

Mnajua pia kwamba Desemba kila mtu anauza, hivyo bei huwa chini. Mei ikifika, aliyeuza kwa gunia ananunua kwa gorogoro, na kwa bei ya kuumiza. Katikati hapo kuna Machi na mbolea yake. Hata ile ya ruzuku imekuwa ikiuzwa 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Wenye miwa nao wasipangie sikukuu fedha ambazo bado hazijaingia.

Sasa mikopo ya simu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund hulipwa ndani ya siku 14. Ukiuchukua tarehe 24 Desemba, unaiva tarehe 7 Januari, siku zile zile mtoto anaposimama na sanduku mlangoni. M-Shwari ilianza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 5,000 hiyo ni 375 iliyokwenda bure. Fuliza ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu haisubiri uamue kulipa. Fedha zikiingia kwenye M-Pesa yako, inajikata yenyewe. Mjomba anaweza kukutumia karo ya mtoto asubuhi, ukakuta sehemu yake imeshalipia soda za Krismasi. Wahenga waliiona hali hii walipoonya juu ya kukopa harusi na kulipa matanga.

Kwa hiyo kila boma liitishe kikao kabla ya sikukuu. Baba, mama na vijana wakubwa wakae pamoja, karo itajwe kwanza, kisha mbegu na mbolea, kisha chakula cha hadi mavuno yajayo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, na watoto waelezwe bila kufichwa. Nguo mpya zinaweza kungoja. Mtoto aliyeelezwa mapema huelewa kuliko tunavyodhani. Ndugu wa boma moja wachinje pamoja badala ya kila nyumba kushindana na jirani.

Akina mama wa vyama, ninyi mmetutangulia. Desemba mnapogawana akiba, tafadhali kila mmoja atenge fungu la shule kabla hamjaagana. Na mwakani anzeni Februari kuchanga kidogo kidogo cha sukari, mafuta na unga wa ngano, mnunue kwa jumla na kugawana.

Nanyi kaka na dada mlio Nairobi, Eldoret na Mombasa, nauli hupanda sana wiki ya Krismasi. Anayeweza kusafiri mapema asafiri, na asiyeweza asione aibu kuja Pasaka. Mzee hatakukataa ukija na mfuko mwepesi. Pigeni simu nyumbani wiki hii, muulize ni mtoto gani ana salio shuleni na ni kiasi gani, mkalilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Habari za kuku tutazizungumza mkifika.