Kama wao wanacheka wakianguka, na sisi tuachwe tucheke

Wandugu vijana, na ninyi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila hata kuacha kidole gumba, leo tunaongelea muziki. Si rumba wala bongo fleva. Ni nyimbo za kuchekesha za watu wanaojifunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteremka mlima wa theluji. Mtauliza, sisi wa Nakivale theluji inatuhusu nini? Subirini kidogo, tutafika.

Mwenzetu mmoja aliyehamishiwa Utah, Marekani, ndiye aliyeanza kututumia nyimbo hizo kwenye kundi letu la WhatsApp. Pale Salt Lake City milima ya theluji iko karibu kabisa na mji, na watu wanapanda huko wikiendi kama sisi tunavyokwenda uwanjani kuangalia mpira. Tulisikiliza, tukatafsiriana, tukacheka. Halafu tukaanza kubishana, na ubishi huo ndo umezaa makala hii.

Chukueni wimbo unaojulikana kuliko zote kule Austria, "Schifoan" wa Wolfgang Ambros, wa mwaka 1976. Jina lake maana yake ni kuteleza kwenye theluji tu, lakini limeandikwa kwa lugha ya mtaani ya Vienna, si Kijerumani cha darasani. Jamaa anafunga mbao zake juu ya gari Ijumaa jioni, anakwenda milimani. Jumapili jioni, muda wa kurudi mjini, anautazama mlima mara moja tena na kuamua: hapana, na Jumatatu nabaki. Basi, hadithi imeisha. Hakuna funzo, hakuna shujaa, kuna mtu tu anayekwepa kazi. Na mpaka leo watu wanauimba kwa sauti kubwa kwenye baa za milimani.

Marekani nako, Bob Gibson alitoa albamu nzima ya nyimbo za theluji mwaka 1959. Hiyo ilikuwa bado gitaa na banjo, kabla magitaa ya umeme hayajatawala baa za milimani. Lakini utani ni ule ule: anayejisifu anaanguka, mgeni anaogopa mteremko, mguu unavunjika. Miji kama Aspen inajulikana kwa matajiri, ila wanaoendesha lifti za viti na kuosha sahani huko wanahangaika na kodi ya nyumba na kulala wengi chumba kimoja. Nao wana utani wao: theluji iliyochelewa, mfuko mtupu, mwenzako wa chumba anayekoroma.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Mmoja wetu alisema: hao wanalipa pesa ili waanguke! Sisi tumeangushwa bure. Kwa hiyo kicheko chao si chetu. Tunakubali, hoja hiyo ina uzito. Mtu mwenye tiketi ya kurudi nyumbani anaweza kucheka lolote.

Lakini si wote walioimba milimani walikuwa watalii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilifundisha askari wa milimani, Divisheni ya 10, pale Camp Hale, Colorado, mahali pa baridi palipo karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Vijana hao walitunga nyimbo za kuchekesha kuhusu maisha yao, na mojawapo maarufu inahusu begi la mgongoni la pauni 90, yaani kilo 40 na kitu. Mwaka 1945 walipigana Italia, na karibu 1,000 kati yao waliuawa. Walicheka wakiwa njiani kwenda huko.

Na kati ya watu waliokuza mchezo huo Marekani walikuwemo wakimbizi. Hannes Schneider, mwalimu mkubwa wa kuteleza wa St. Anton kule Austria, alifungwa na Wanazi mwaka 1938, na mwaka 1939 akafika North Conway, New Hampshire, akaanza kufundisha upya. Familia ya waimbaji von Trapp iliondoka Austria mwaka 1938, na mwaka 1942 ikanunua shamba Stowe, Vermont, mji wa theluji. Kwa hiyo mkimbizi na mlima si wageni kwa kila mmoja.

Sasa turudi kwetu. Mwaka jana tuliandika wimbo wa kuchekesha kuhusu foleni ya uhakiki: kadi imepauka, alama za vidole zinakataa kusomeka kwa sababu ya jembe, na mzee mmoja kila mwaka anaulizwa kama bado yuko hai. Mazoezini watu walicheka hadi machozi. Tulipoupeleka kwa waliokuwa wanadhamini siku ya muziki, tuliambiwa kwa upole kwamba haufai, tulete wimbo wa amani na kuishi pamoja. Tukaleta. Ukapigwa, watu wakapiga makofi ya adabu, na kesho yake hakuna aliyeukumbuka.

Tunaelewa hofu iliyopo. Mfadhili akituona tunacheka, atasema si wako sawa, tupunguze. Na tangu 2023, chakula kilipoanza kutolewa kwa makundi 3, wengine wakaambiwa wako kundi la tatu, yaani hawapati kitu, hakuna anayetaka kuonekana mzima kupita kiasi. Lakini hebu fikirini: wale askari walipoimba utani juu ya begi lao, kuna aliyedhani begi ni jepesi? Utani ndo ulitufahamisha uzito wake. Sisi tumezaliwa miaka mingi baada yao, hatujui baridi ile, na bado tunajua begi lilikuwa la pauni 90. Ripoti ngapi za miaka hiyo tunazikumbuka?

Tena kucheka si jambo tulilookota ugenini. Franco alimwimba "Mario" mwaka 1985, kijana msomi anayekula jasho la mwanamke aliyemzidi umri, na Kongo nzima ikacheka huku ikijitambua. Wazazi wetu walitoka na nyimbo hizo kichwani, hata waliotoka bila viatu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Wimbo wa huzuni una nafasi yake, na wa amani pia. Lakini kijana anayeruhusiwa kulia tu jukwaani amepewa nusu ya mdomo.

Kwenu vijana: tungeni, ila kwa mpaka. Tujicheke sisi wenyewe, tucheke foleni, vumbi, simu isiyo na chaji, ndoto zetu za ndege ambayo haiji. Tusimcheke aliyebakwa, mlemavu, wala kabila la jirani. Huo si utani, ni jiwe.

Kwenu wa mashirika: hatuombi bajeti mpya. Tarehe 20 Juni ikifika, Siku ya Wakimbizi Duniani, mkipanga ratiba ya jukwaa acheni dakika 5 zisizo na mada. Msituombe maneno ya wimbo mapema. Kaeni mstari wa mbele, na ikifika sehemu ya yule mzee anayeulizwa kama bado yuko hai, chekeni nasi. Halafu Jumatatu ofisini, mtazameni jina lake kwenye orodha.