Simu Haifundishi Peke Yake

Wako wadhanio kwamba mtu akipata masomo ya Kiingereza katika simu ya mkononi, kazi imekwisha. Sisi twasema hapana. Jembe halilimi bila mkulima.

Tuitazame Bangladesh. Mwaka 2009 wananchi huko walianza kupiga namba 3000 na kusikiliza somo la dakika tatu, na makampuni ya simu yakapunguza bei. Katika mpango wa English in Action, walimu wa shule za serikali walipewa simu zenye masomo ya sauti na video yasiyohitaji intaneti. Lakini hawakuachwa peke yao: walikutana, wakashauriana, na walimu wakuu wakatakiwa kuwasaidia.

Hapa Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wafikapo Kidato cha Kwanza hukabiliwa na Kiingereza karibu katika kila somo. Wengi huanguka hapo. Zikigawiwa simu pasipo uongozi, zitalala kabatini. Basi mwalimu mkuu na awe wa kwanza kujifunza. Kiongozi asiyejifunza hana haki ya kuwaamuru wengine wajifunze.